Tani Nne za Ziada

Dada yangu,

Huku tu wazima. Viatu ulivyonitumia vimenikaa sawasawa, na mwenzangu wa chumbani bado anakoroma kama jenereta.

Jumanne mchana nilikuwa napakia ile ndege yetu kubwa ya jeshi. Jua lilikuwa kali, njia ya kurukia fupi, na ndani mlikuwa na askari sitini. Kamanda akataka tuongeze lori. Nikapiga hesabu, nikaona tutazidi kikomo cha uzito kwa tani nne.

"Juzi ilibeba hivyohivyo," akasema.

"Juzi kulikuwa na baridi, afande. Kwa joto hili haitanyanyuka. Sisaini karatasi ya mzigo."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, afande. Lori lishuke."

Rubani akasoma karatasi yangu, akasema, "Yuko sahihi." Lori likashushwa. Hata hivyo tuliinuka njia ikikaribia kwisha, magurudumu yakapita juu ya uzio kwa kimo cha mtu. Askari aliyeketi karibu yangu alinishika mkono, hakuuachia.

Kamanda amenisimamisha kuruka kwa kumkatalia. Mama mwambie niko likizo. Ijumaa naitwa kujieleza, na sitaomba radhi.

Mdogo wako