Kidosho, Mionzi na Mkeo

Kaka,

Hujambo? Sisi huku afya tunayo, hamu ya kukuona hatuna.

Nasikia unaulizia kama Kidosho, farasi aliyetuachia baba, amekufa. Hajafa. Ule uvimbe pembeni mwa jicho, ambao ulipouona ulitaka achinjwe, umenywea. Daktari wa mifugo alisema kisu kingeharibu kope, akatuelekeza kwenye hospitali ya wanyama yenye mashine ya mionzi. Kila safari alidungwa sindano ya usingizi, akalazwa juu ya godoro nene, sote tukatoka, mlango mzito ukafungwa. Alipozinduka aliyumba kama mlevi, akaanza kutafuta majani.

Wewe huku nyuma ukawapitia wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha kupanda farasi, ukisema farasi huyo ana sumu na atakayempanda ataugua. Daktari alishatueleza kwamba mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini mwake. Hukuuliza. Ulitaka banda la farasi life uliuze. Wanafunzi wakatoweka mmoja mmoja.

Usilolijua ni kwamba aliyeendesha lori la kumpeleka ni mkeo. Wewe alikuaga anakwenda kwa mama yake. Nilidhani wifi ananionea huruma tu, lakini alimganda daktari kwa maswali: mionzi inauma? Ngozi inaungua kiasi gani? Uvimbe ukiisha, unarudi? Siku moja, tukisubiri nje ya ule mlango, nikamwuliza anamwulizia nani. Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya kwapa lake. Niligusa kitu kigumu kama kokwa.

Nikataka kujua kwa nini hajakwambia. Akanijibu taratibu, “Alipoambiwa Kidosho ana uvimbe, hakuuliza kama anaumwa. Aliuliza ataondolewa lini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.”

Kaka, mkeo ana saratani ya titi. Ameshapasuliwa, na sasa naye anapigwa mionzi. Ule mwezi uliowatangazia watu kwamba amekukimbia kwa mwanamume, alikuwa amelala chumbani kwangu na mrija wa kutoa maji ya kidonda ubavuni, mimi nikimwosha. Ameniruhusu nikuandikie ili uache kumchafua, si ili uje. Ukija, akitaka atakufungulia mwenyewe. Mimi sinyanyuki.

Kidosho ameota nywele nyeupe pale jichoni. Wifi anachoka haraka, ila anakula, na madaktari wana matumaini. Ameniomba nikufikishie salamu zake. Nimezifikisha. Zangu hazimo.

Ni mimi, mdogo wako, kwa sababu hilo siwezi kulibadilisha.