Jina la Aliyenipiga

Jumatatu, 24 Februari 2025

Siku ya tisa kitandani. Ziwa bado limefungwa, hakuna kuvua hadi tarehe moja, Nchelenge nzima inasinzia, na mimi nimejificha ndani ya usingizi wao. Tarehe moja watu wataamka. Mimi je?

Hakuna aliyekufa. Hakuna mwanaume aliyeniacha. Naandika hivyo kwa sababu kila anayeuliza anataka kimoja kati ya hivyo viwili. Diplôme ya kufundisha Kifaransa na Kiingereza niliipata Lubumbashi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja nikavuka ziwa kutoka Kilwa yetu ya ng'ambo kuja kwa Tantine Pierrette, dada ya mama, anayeuza samaki huku miaka kumi na sita. Nitafute kazi Zambia. Mahali fulani katikati ya maji kitu kikazimika. Huzuni naijua, ina machozi. Hiki ni kikavu na kina meno.

Asubuhi Guy, mtoto wa Tantine, kasimama mlangoni na kikombe. "Madame Diplôme, jua linaomba audience." Akanimwagia maji usoni. Mchi wa kutwangia majani ya sombe ulikuwa karibu. Nikautupa. Umepita sikio lake, umepasua ubao wa mlango. Alicheka kwanza — halafu akaniona uso.

Nilikuwa nimelenga. Hilo tu nataka liandikwe mahali.

Jumamosi, 1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Injini tangu kabla ya jogoo. Tantine kanitoa kitandani kwa kunivuta mguu, kama mbuzi wa sikukuu. "Samaki haingojee mutu amalize kuwaza."

Kazi yangu: kupasua samaki wa makayabu, kutoa matumbo, kutia chumvi. Kisu kizuri. Sikuinua kichwa hadi mchana. Wanawake wa mezani wakafurahi, wakasema Émi amepona. Hawakujua kwamba kila samaki nilikuwa nampa uso wa mtu. Uso wa Guy. Uso wa mkuu wa shule aliyesema tutakupigia simu. Wa mwisho ulikuwa wangu. Huyo nilimpasua polepole.

Royd kapita na dumu la mafuta. Fundi wa injini za boti, amepanga chumba nyuma ya ukuta wetu. Kiswahili chake ni cha sokoni. Aliangalia mikono yangu, akauliza: "Hii samaki ilikukosea nini?"

Nikapasua mwingine. Lakini ni mtu wa kwanza tangu Novemba kuniuliza kitu na kungoja.

Jumatatu, 3 Machi

Mkono wa kushoto umeshonwa nyuzi kumi na moja. Wa kulia ni mzima, kwa hiyo naandika.

Jana mchana wote walikuwa kanisani. Mimi nilisimama mbele ya dirisha la sebuleni. Uso ulinitazama kutoka kwenye kioo, nikaupiga ngumi. Ukaendelea kunitazama kwenye vipande vilivyobaki. Nikapiga vipande. Sikusikia maumivu, nilisikia kelele tu, na kelele ilikuwa mimi.

Royd alivunja mlango kwa bega. Akanishika kutoka nyuma, mikono yangu ndani ya yake. Nikamng'ata, hadi nikasikia chumvi. Hakuachia. Alinifunga kwa shati lake na kunipakia kwenye pikipiki ya mtu, akakaa nyuma yangu akiushikilia ule mkono juu, kama mtoto anayetaka kujibu darasani.

Kliniki walishona kwanza. Halafu nesi akasema: kidonda cha kupigwa, faili haliendelei bila karatasi ya polisi. Akaitwa polisi mwanamke, Kafula, wa posti ya karibu. Tantine akafika na kofia yake ya kanisani. Kwenye karatasi kuna mstari wa jina la aliyepiga. Mstari mmoja. Hakuna aliyefikiria kwamba kidonda kinaweza kukosa adui.

Tantine alinitazama mimi. Halafu akamtazama Royd kwenye korido, kifua wazi, damu yangu hadi kiunoni. Akasema jina lake. Kwa Kibemba, kwa heshima zote, mukwai huku na mukwai kule. Kafula akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza kama ni kweli.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kafula alipotoka kumshika, Royd alikuwa ameshaondoka. Nyumbani Tantine akaniosha miguu kwenye beseni. "Sikiliza, mama. Hapa tuko bageni. Mutu akitaka kujiua, banamufunga. Na wakijua una wazimu, nani atakupatia watoto wake ufundishe? Royd iko kwao. Bakimushika, bajomba wake watakuja, kesho atatoka. Weye, nani atakutoa?"

Alisugua hadi katikati ya vidole. Nilitaka kuupiga teke uso wake. Nilitaka asiache kuniosha.

Jumatano, 5 Machi

Guy karudi jioni na njaa ya mtu aliyefanya kazi. Anakula bukari kwa vidole vilivyochubuka, anasimulia. Walimkuta Royd ufukweni ameinamia injini. Guy na wapiga kafi watatu. Kafi ya kwanza ilivunjika mgongoni mwake, wakachukua nyingine. Meno mawili. Sikio moja. Kisha polisi wakaja, na badala ya kuwashika wao wakamchukua yeye, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi.

Nikauliza: "Hakusema kitu?"

"Alisema muulize Émi." Guy akamega tonge. "Nikamwambia Émi ndiye ametutuma."

Nilimrukia juu ya sahani. Nilipiga kwa mkono ulioshonwa, nyuzi mbili zikakatika. Nilipata nywele, nilipata shingo, nilitafuta macho. Kama Tantine asingekuwepo Guy asingekuwa na macho leo. Tantine aliniangusha kifudifudi akanikalia. Kweli, alinikalia mgongoni, mwanamke wa kilo mia, hadi pumzi ikaisha na hasira ikaisha nayo.

Guy alilia kwenye kona, midomo ina mchuzi. "Yaya, dada yangu, nilipigana kwa ajili yako."

Ndiyo. Hilo ndilo baya lake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda posti peke yangu. Nimemwambia Kafula kwa Kiingereza changu cha chuo: Royd hakunipiga.

Hakuinua macho. "Wewe ni wa nne mwezi huu, na mwezi ndiyo kwanza umeanza. Mwanaume akilala ndani siku moja, mnakumbuka kwamba mlianguka. Mlango uliwapiga. Mtungi uliwapiga. Nani amekutuma, mama yake? Ameleta kuku?"

Nikasema nilijipiga mwenyewe.

Akaweka kalamu chini. "Hiyo ni mpya," akasema. "Uongo, lakini mpya."

Keshokutwa ni Siku ya Wanawake. Kafula ataandamana mbele, ameshika bango. Ana droo iliyojaa wanawake waliofuta maneno yao, wawili kati yao wamezikwa. Aliniambia hivyo, akaifungua droo nione karatasi. Nilimpenda. Nilitaka kumgonga kichwa na hiyo droo.

Mwisho akasema: "Karatasi ya daktari inasema umepigwa. Daktari abadilishe yake, ndipo nibadilishe yangu."

Sikuruhusiwa kumwona Royd. Nilimsikia akikohoa ndani.

Kwa hiyo ni lazima nimwambie daktari. Si kuhusu mkono. Kuhusu kilichoupeleka mkono kule. Nimeandika sentensi kwa Kifaransa, nimeigeuza Kiingereza, imetoka kama barua ya kuomba kazi. Nimeichana. Nimeandika tena.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari Chibwe. Miwani imefungwa kwa uzi, sauti ya chini. Anafungua bandeji, anaona nyuzi zilizokatika, anauliza: "Amekurudia?"

Nilikuwa nimebeba karatasi yangu. Nilisoma mstari wa kwanza tu. Nikaikunja, nikairudisha mfukoni. Kiingereza changu ni cha kueleza hali ya hewa na safari ya treni. Hakina hili.

Akanitazama sana. Halafu akasema, kwa Kiswahili: "Mimi najua Kiswahili ya biashara. Niliuza mafuta kule Chisenga, nikiwa kijana. Sema polepole. Kama unauza."

Nikasema: "Mimi ndiye nilipiga."

Alishika mkono wangu, akaukunja ngumi kwa vidole vyake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Naona. Mutu anapigwa, anaziba hivi" — akaweka mkono wake mbele ya uso — "kidonda iko huku. Wewe, iko mbele, kwa mifupa. Jumapili sikuangalia vizuri. Watu walikuwa wengi, jina lilikuwa limeshaandikwa." Hakuomba samahani. Alivua miwani, akaifuta, akavaa.

"Hii uzito," akasema, "iko ya tangu lini?"

Tangu Novemba.

"Asubuhi iko kilo ngapi?"

Nilitaka kucheka. Nikasema asubuhi siinuliki, na mchana nataka kuua. Nani? Yeyote. Guy. Jogoo. Mimi. Nikasema nalenga. Nikasema juu ya samaki. Niliyasema yale kwa sauti, nikagonga meza yake kwa mkono mzima hadi kikombe cha kalamu kikaruka, na nesi akafungua mlango. Daktari akamwambia afunge.

"Unataka kufa?" Aliuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka, kama anauliza bei.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Tantine alilizunguka neno hilo kama shimo la choo. Nikasema: jana usiku, ndiyo. Leo asubuhi, kidogo. Sasa hivi, hapana — sasa hivi nataka Royd atoke.

Akaandika. Akalitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, akaniuliza kwetu tunasemaje. Nikasema tunasema mvivu. Tunasema amerogwa. Tunasema amesoma sana. Neno la Kifaransa nalijua tangu sekondari, nililiandika kwenye imla bila kosa. Sikujua kwamba siku moja mtu ataniandika mimi ndani yake.

Nilimwuliza kama nitafungwa. "Polisi aandike yake," akasema. "Mimi naandika mgonjwa."

Vidonge. Havifanyi kazi kesho, vinafanya kazi baada ya wiki tatu, nne. Nirudi kila Ijumaa. Nikisikia kile cha usiku, nije saa yoyote, nisingoje Ijumaa. Vioo, visu, vitoke chumbani kwangu. Na awepo mtu wa kukaa na mimi, kulala chumba kimoja na mimi, asiyeogopa kunikalia nikirusha vitu.

"Uko na mutu kama huyo?"

Nikasema niko naye.

Karatasi yangu mpya atampa Kafula mkononi. Kesho, baada ya maandamano, hapahapa kliniki, aje asikie kwa mdomo wangu, yeye akiwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Benchi la korido. Saa saba mchana. Nje ngoma bado zinapita.

Tantine yuko pembeni yangu. Sikumwita. Ametoka kwenye maandamano, kitenge kipya, jasho, kiazi kitamu kwenye mfuko. Guy ndiye aliyemwambia niko wapi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa, benchi likalia, akaanza kumenya kiazi kwa kucha.

Nimemwambia yote. Kwamba ni ugonjwa, una dawa. Kwamba daktari anataka alale chumbani kwangu.

"Nitalala," akasema. "Tangu lini nakataa kulala na weye? Ulipokuwa mutoto ulinikojolea mwaka mzima." Akamenya. "Alors, na hiyo ingine?"

Hiyo nyingine ni Royd.

"Émi. Ukisema ulijipiga, sawa, uko mgonjwa, munganga amesema. Mimi nitakuwa nini? Mimi siko mgonjwa. Mimi nilisimama mbele ya polisi na akili yangu yote nikataja jina. Iko karatasi gani ya kunisaidia mimi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Siku nne za kuwaza na sikulifikiria. Wakimchukua Tantine, Jumatatu atakuwa ndani, au ng'ambo, Kilwa, bila kitu. Na usiku nani atanikalia mgongoni?

Kafula ametoka kwa daktari sasa hivi, utepe wa maandamano bado begani. Amesoma. Uso wake umebadilika — si laini, umechoka tu. Royd anaweza kutoka leo kabla ya giza, amesema, nikishaandika maelezo yangu. Niandike kwa lugha yangu, atatafuta wa kutafsiri. Amenipa karatasi yenye maswali mawili, akaenda kunywa maji.

Moja: Nani alikuumiza?

Mbili: Nani alimtaja Royd, na kwa nini?

La kwanza nimejibu kwa neno moja. Nimelisoma mara tatu. Halikuuma.

La pili liko tupu. Nimefungua daftari hili kwanza, kama mtu anayejaribu wembe kwenye — hapana. Vingine sitaandika tena.

Tantine alimtaja. Mimi niliitikia. Mambo mawili, yote ya kweli, na mstari ni mmoja. Nikiandika lake peke yake, nampoteza. Nikiandika langu peke yake, ni jina lingine la uongo juu ya karatasi hiyo hiyo. Na Royd anakohoa mle ndani na sikio moja.

Kafula anarudi. Kucha zimeacha kumenya. Pumzi ya kiazi iko juu ya bega langu tangu sentensi tatu zilizopita.

Tantine, najua unasoma. Sogea kidogo. Unanizibia mwanga.