Picha ya Bibi na Miguu Yake

Jumapili, 5 Oktoba

Misa, kufua sare, kisha Kigongo kwa Bibi. Kama kila Jumapili, ila leo nilikuwa na kamera ya klabu ya picha ya shule na ile lenzi mpya ya kuvuta mbali. Wiki ijayo Bibi anahamia Magu kwa mdogo wake. Tangu daraja lifunguliwe magari hayasimami kusubiri kivuko, na samaki wake wa kukaanga hawana mlaji. Nilitaka picha yake pale pale alipouzia tangu baba akiwa mdogo.

Nikajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Uso wake ukajaa wote. Makunyanzi, moshi, jicho moja limefumba kidogo. Nikabonyeza.

Nikamwonyesha.

"Mwili uko wapi?"

"Ni picha ya uso, Bibi."

"Umenikata. Kichwa kitupu, kama cha kambale sokoni. Na wewe ulikuwa wapi? Mbona sikukuona?"

Akaniambia nifute. Sikufuta. Hajui picha. Nimekasirika sana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu Bahati, msimamizi wa klabu, amenakili picha zetu kwenye kompyuta. Alipofika kwenye picha ya Bibi akaikuza ijae kioo. Akasema itachapishwa kubwa, itundikwe ukumbini siku ya mahafali. Nilishindwa kula kwa furaha.

Jioni nikamweleza baba. Hakufurahi. Akatoa picha za zamani za ukoo kabatini. Wote wamesimama wima, mikono chini, viatu vinaonekana. Vingine vya kuazima. Baba anasema enzi zile mtu aliingia studio mara chache maishani. Akikatwa miguu, alimrudishia mpiga picha picha yake. Mtu asiye na miguu pichani hakufika, amekatwa njiani.

Sikujua. Ningeuliza ningejua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechukia. Nimechukia mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilimwomba mwalimu aiondoe picha ya Bibi. Kwa adabu. Akacheka.

"Milembe, hiyo ndiyo picha bora ya klabu."

"Mwenyewe amekataa, mwalimu. Anataka miguu ionekane."

"Kamera ni ya klabu. Picha ni ya klabu."

Na uso je? Uso nao ni wa klabu?

Deus akadakia kutoka nyuma: "Bibi yake anataka tuone kandambili!" Darasa zima likacheka. Nikasikia masikio yanawaka. Nikasema basi Ijumaa nitamleta Bibi hapa shuleni, amwambie mwalimu mwenyewe. Mwalimu hakutaka kubishana na mzee mbele ya wanafunzi.

Mwalimu ameifuta kwenye kompyuta. Kamera akaniachia, ila lenzi mpya akanipokonya, akampa Deus. Deus! Anayepiga picha za mpira na dari tu.

"Wewe chagua kwenye boksi," akasema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Boksi ni la lenzi kuukuu, zawadi ya mzee mmoja wa Kihindi aliyefunga studio yake mjini. Za chuma, nzito, unazungusha mwenyewe kwa mkono hadi picha ikae sawa. Hakuna anayezigusa.

Ndefu kuliko zote, ya milimita mia mbili: ndani imeota kuvu kama utando wa buibui. Unyevu wa ziwa. Ya mia na thelathini na tano: mafuta yamevujia ndani, tundu la mwanga halifungi. Ya themanini na tano, ya picha za watu: rangi imechubuka, lakini kioo ni safi kabisa. Nimeichukua hiyo.

Bado nina hasira. Nimeishika lenzi hii kama jiwe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejaribu kwa mbuzi wa jirani. Picha zote ukungu. Nazungusha kushoto, kumbe ni kulia. Mbuzi ameshaondoka. Nimelia kidogo, kwa hasira tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kigongo. Nimekwenda na baba. Mizigo ya Bibi imefungwa tayari. Nikapiga magoti, shikamoo, nikamwomba radhi kwa kumvizia. Nikamwomba picha nyingine.

"Utanikata?"

"Sikukati."

Akaingia ndani, akakaa sana. Akatoka na kitenge kipya na viatu vyeusi vya kanisani. Akasimama karibu na jiko lake, wima, hacheki.

Kwa lenzi ile mwili haukuenea. Nikarudi nyuma. Bado inaishia kwenye magoti. Nikarudi tena. Nyuma yangu ni ziwa. Nikaingia na viatu vya shule, maji yakafika magotini.

"Mtoto huyu ataliwa na mamba," Bibi akamwambia baba, bila kugeuza shingo.

Nikazungusha taratibu. Kulia. Usoni pakatulia, kisha viatu. Nikamhesabia kwa sauti ili ajue. Nikapiga.

Akaitazama kwa muda mrefu kwenye kamera, akianzia chini, akipanda juu.

"Nimetimia," akasema.

Kisha akataka kuona nikiifuta ile ya kwanza. Nikaifuta mbele yake. Ilikuwa picha nzuri. Sitasema uongo humu ndani: ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jumapili, 12 Oktoba

Bibi ameondoka asubuhi. Jana jioni baba alisafisha picha mjini, na Bibi ameibeba kwenye fremu, imefungwa ndani ya kanga. Hasira zimeisha, au zimelala. Viatu vyangu vipo uani, juani, vimejaa magazeti.