Neno la Kaka Juu ya Bunduki

Tensta, Jumanne, 2 Novemba 1971

"Kwa ndugu yangu mpenzi Yonathani. Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana, wewe, mkeo, watoto, na wote walio huko mtoni. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu."

Hapo nimekwama, kama jana. Nimekunywa kahawa. Nimepangusa vumbi kwenye picha ya marehemu mke wangu, Raheli. Nimerudi mezani na mistari ni ile ile.

Swali la mdogo wangu ni fupi: bunduki yangu niliyomwachia aipeleke, au aifiche? Serikali imetangaza hali ya hatari wilayani kwetu kwa sababu ya wavamizi. Kila mwenye bunduki aipeleke polisi kabla mwezi huu haujaisha. Leseni ina jina langu. Nilipewa nilipokuwa mwalimu, niwafukuze viboko katika shamba la shule. Bila neno langu Yonathani hataipeleka, wala hataificha. Ananingoja.

Alhamisi, 4 Novemba

Kabla ya kwenda kazini hospitalini, binti yangu Tabitha, ninayekaa naye huku ugenini, alisema: "Baba, si upeleke simu ya maandishi? Neno moja tu: ipeleke."

Nilimweleza kwamba simu ya namna hiyo kwetu huleta msiba. Shemeji yangu ataanza kulia kabla haijafunguliwa. Tena karani ataisoma, na polisi watajua mambo yetu kabla ya mwenyewe. Alifunga mlango kwa nguvu kidogo. Simlaumu.

Jumamosi, 6 Novemba

Jirani yetu, Bwana Nils, ametuletea nyama ya yule mnyama wao mkubwa wa msituni. Alimwua mwenyewe. Bunduki yake hukaa kabatini, chini ya kufuli. Kupitia kwa Tabitha nilimwuliza, kwa heshima, kama haogopi kunyang'anywa.

Alicheka. "Polisi wanajua ninayo, nami najua wanajua. Sote tunalala usingizi."

Nilimshukuru kwa nyama. Nilimwonea wivu.

Jumatano, 10 Novemba

Barua nyingine kutoka kwa Yonathani. Kijiji cha juu walipeleka bunduki zote. Haikupita wiki, wavamizi wakaja, wakachukua mbuzi na kumkata mtu mkono. Kijiji cha chini, askari walikuta gobori katika paa la mzee mmoja. Wakamchukua. Hakuna ajuaye aliko.

Naogopa. Mwandiko wangu leo ni mbaya. Naomba radhi, ingawa hapa hakuna wa kuombwa.

Anayedaiwa bunduki ni yule aliyeiandikisha. Mvamizi hana leseni, hapeleki kitu. Miaka yote darasani niliwafundisha watoto kutii wenye mamlaka. Sijapata kukasirika hivi tangu Raheli afariki.

Ijumaa, 12 Novemba

Theluji iliyochanganyika na mvua. Sikuandika barua. Sikula vizuri.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya ibada alitutembelea Mwanaidi, binti wa Lamu aliyekuwa akisomea uuguzi katika hospitali ya Tabitha. Amemaliza, anarudi kwao. Basi la Lamu husimama kivukoni Garsen, na Yonathani huuza ndizi hapo kila basi lipitapo. Nilimwomba ampelekee barua yangu, nikamwambia kila kitu, maana si haki kumbebesha mtu asichokijua.

"Babu, masweta ya watu ninayo tele, lakini bunduki sijapata kubeba."

"Ni karatasi tu, mwanangu."

"Karatasi za walimu ndizo nzito."

Tulicheka sote, hata mimi.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimeamua. Bunduki iende. Iende mchana, mbele ya watu, mzee wa kanisa na mzee wa msikiti wakiwa mashahidi. Baada ya hapo watoto wawe wanalala ng'ambo ya mto, misheni. Viboko wale mpunga; mpunga hupandwa tena.

Nimeandika kwamba hii ni amri ya kaka mkubwa, si shauri. Wavamizi wakija, asijilaumu yeye. Anilaumu mimi. Huenda nimekosea. Nikiwa hapa sina njia ya kujua.

Tabitha ameisoma barua, hakubadilisha neno. Ametia chai vikombe viwili, tumekaa dirishani.

Barua itachukuliwa na Mwanaidi, kesho asubuhi. Atampa Yonathani mkononi.