Wifi, Nimekutaja Mkutanoni

Zirai, Alhamisi mchana

Wifi yangu mpendwa, Mama Zakaria,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye chai. Mwili mzima, moyo ndio hautulii. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Na mama yetu, anakula? Najua huko Magamba baridi imeshaingia. Mwambie ajifunike lile blanketi la kijivu, asilifiche sandukuni akiwawekea wageni. Wageni wenyewe ni sisi, na sisi hatuji leo.

Ngoja kwanza. Kama anayekusomea ni mwanamume, hata akiwa mwinjilisti mwenyewe, mwambie aishie hapa, aikunje barua ampe mkewe. Yaliyomo humu ni ya wanawake.

Haya. Najua barua ya Baba Rehema imekufikia kabla ya hii. Alimpa dereva wa lori la kiwanda Jumatatu, mimi nikaja kuambiwa Jumanne. Amekuomba uje umchukue Rehema, umrudishe nyumbani asubiri huko kuwekwa ndani, kwa sababu mwalimu wa huku anaharibu watoto. Wifi, mdogo wako usimlaumu. Aliyeanzisha ni mimi, na nataka uyasikie kwangu tangu mwanzo.

Hii ni barua ya pili naandika kwa mkono wangu. Ile ya kwanza ilikuwa mistari minne, unaikumbuka, mkacheka. Aliyenifundisha ni Mwalimu Anjela, msichana mmoja wa kusini. Asubuhi anafundisha watoto, jioni anatufundisha kisomo sisi kina mama, tukiwa tumetoka kuchuma, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Alinishika mkono huu huu, tukaandika jina langu pamoja.

Basi tangu nijue kusoma nimekuwa sina adabu, nasoma kila kitu. Mfuko wa chumvi nasoma, gunia la mbolea nasoma. Siku moja Rehema ameenda kuteka maji, nikachukua daftari lake. Nikakuta habari ya msichana kuvunja ungo. Damu inatoka wapi, ni siku ngapi, sodo inakunjwaje, inafuliwaje, inaanikwa wapi. Mwandiko safi, kichwa kimepigiwa mstari kwa rula, utadhani ni habari za kupanda mahindi.

Wifi, nilikaa chini. Wewe unajua kwetu mama hamwambii mwanawe maneno hayo. Mimi mama hakuniambia, aliniambia shangazi, niko ndani, mlango umefungwa. Sasa yako kwenye daftari, ambalo hata mvulana anaweza kuliazima!

Ningekuwa na akili ningekwenda kwa mwalimu mwenyewe. Mimi nikalifunga kwenye kanga, nikampelekea Mzee Hamza, balozi wetu wa nyumba kumi. Nilitaka ushauri tu, haki ya Mungu.

"Umesoma wewe mwenyewe, Mama Rehema?"

"Ndiyo, mzee."

"Yote?"

"Nimefika penye kuanika."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Penye kuanika panatosha," akasema.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinachemka. Wengine wanasema mwalimu anawavua watoto nguo darasani. Wengine wanasema ametumwa awafundishe kuzuia uzazi. Mama mmoja dukani aliapa kwamba ameziona picha kwa macho yake. Daftari halina picha hata moja, nami ndiye niliyejua, nilikuwa nimesimama pale na chumvi yangu mkononi, nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linalonikaa kifuani mpaka sasa. Herufi alizonifundisha yeye ndizo nilizomshitakia.

Jumapili mchana ukaitwa mkutano. Mvua ilikuwa kubwa tukaingia darasa la kwanza, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mzee Yonathani wa kanisani na Mzee Hamza wakakaa mbele. Tangu tuhamie hapa sijawaona hao wawili wakikubaliana, hata juu ya mvua kunyesha au kutonyesha. Siku hiyo walikuwa kama mapacha.

"Mwalimu," Mzee Yonathani akasema, "tumekupa watoto uwafundishe hesabu na siasa. Habari za ndani zina wenyewe."

"Zina wenyewe!" Mzee Hamza akadakia. "Ni kazi ya mashangazi. Sisi Wasambaa ndivyo, Wabondei ndivyo."

"Hata kwetu Njombe," akasema mmoja nyuma.

Mwalimu Anjela akasimama. Mimi nilidhani atalia. Akawaamkia wazee vizuri, kisha akasema, "Ni kweli zina wenyewe. Mimi naomba kuuliza tu. Hao mashangazi wako wapi?"

Mvua inapiga bati.

"Mama Tumaini, wifi yako yuko wapi?"

"Njombe."

"Mzee Hamza, dada yako?"

Mzee akakohoa. "Pangani. Aliolewa huko."

"Mama Rehema?"

"Magamba," nikasema.

Akauliza dawati kwa dawati, wifi yangu. Sote tuliitwa na kazi ya chai, tukaja na majembe na masufuria na watoto mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyekuja na shangazi.

Kisha akasimulia. Miezi miwili nyuma wakiwa shamba la shule, msichana wake mmoja alipotea tangu asubuhi. Akamtafuta, akamkuta amejikunja chini ya michai, anatetemeka, anadhani amepasuka tumboni na anakufa. Akataka kumwita mama yake. Mtoto akakataa, akasema mama haambiwi mambo haya. "Ndipo nikawaita wasichana peke yao nikawaandikia ubaoni," akasema. Jina la mtoto hakulitaja. Akakaa.

Kijana mmoja wa kiwandani akasema, "Kwa hiyo sasa mwalimu ndiye shangazi wa taifa?" Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Wazee wakanong'onezana. Wakasema hivi: apatikane shangazi mmoja wa heshima, akae na wasichana nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa, na mwalimu aachane na ubao. Wametoa wiki tatu. Asipopatikana, wataandika wilayani mwalimu ahamishwe.

"Nani anaye?" Mzee Hamza akauliza.

Wifi, nikasimama. Mimi, ambaye hata kanisani naomba kimoyomoyo. Nikasema, "Wifi yangu wa Magamba. Amewaweka ndani wasichana wengi kwetu, wote wako kwenye nyumba zao na heshima zao."

"Atakuja?"

"Atakuja."

Nisamehe. Nimekutaja mbele ya watu bila kukuuliza. Baba Rehema alikuwa zamu, akapata habari kiwandani kabla hajafika nyumbani. Akaniambia, "Dada yangu unamfanya kungwi wa kambi? Akija, anakuja kuchukua mtoto wetu, basi." Akakaa kuandika, nami nikadhani ni mambo yake ya kazi.

Sasa sikiliza lililobaki, na hili nalisema polepole.

Jumanne nililichukua daftari kwa Mzee Hamza, nikalipeleka kwa mwalimu. Nikataka kupiga magoti, akanizuia. "Mama Rehema, inuka, sakafu ina chaki." Nikamwomba radhi kwa moyo wangu wote. Akanitazama, akasema, "Yule msichana wa kwenye michai, kamuulize Rehema."

Nilirudi nyumbani. Kuuliza nilishindwa. Nikamwaga maharage kwenye ungo, nikaanza kuchambua, Rehema akaja kunisaidia. Tukachambua weee. Mwisho nikasema, "Siku ile uliyorudi kutoka shamba la shule umechelewa."

Hakuinua macho. "Nilidhani utajua ukiniangalia tu," akasema.

Wifi, nilimwangalia siku ile! Niliona amepauka, nikasema ni homa, nikampa dawa chungu. Kesho yake akachelewa kuamka nikamwita mvivu. Mwanangu amemaliza siku zake za kwanza peke yake, akijifunga kipande cha gunia la unga, mimi nimelala upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo huyu ni mwali tayari, na habari hizi ni zako, ndiyo maana nakupa. Baba yake hajui. Akijua leo, Rehema anapanda lori Jumamosi. Na mtihani wa darasa la saba umebaki miezi michache. Mwalimu anasema mtoto huyu ana nafasi ya kuendelea, na mtihani hausubiri mtu atoke ndani. Mimi nimeanza kusoma nikiwa na watoto wanne. Sitaki yeye aanze hivyo.

Njoo, wifi. Njoo, lakini usimchukue. Kaa naye humu ndani kwangu, mwambie yote yaliyo yako kumwambia, mimi nitatoka nje na mlango nitaufunga mwenyewe. Akishafanya mtihani mpeleke nyumbani, mweke ndani hata mpaka plamu zikomae, sitatia neno. Na mdogo wako atakusikiliza wewe, mimi ameshachoka kunisikiliza. Wale wasichana wengine si wa ukoo wetu, wengine Kisambaa hawakijui kabisa. Hicho Kiswahili chako cha sokoni kitatosha.

Kama goti linakataa, au kama umekasirika, sema. Lakini sema upesi, maana siku zinahesabiwa huku, na Mwalimu Anjela ameshaanza kuwagawia watu miche yake ya nyanya.

Nimekufungia iliki kidogo, mpe mama atie kwenye chai. Msalimie sana shemeji, mwambie mbegu za maharage zimeota zote. Msalimie Zakaria na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijambeba. Msalimie mjomba wa kule juu msituni, kama kikohozi kimempa nafasi. Mke wa mwinjilisti naye, kama ndiye aliyesoma, ahsante, na namwomba yabaki kwake.

Lori linapanda Jumatano na Jumamosi. Nimeanza kusimama pale linaposhusha watu, ingawa najua hesabu yangu ni ya haraka, barua hii bado iko mkononi mwangu. Jana binti wa Mama Tumaini alikuja mlangoni. Hakutaka moto wala chumvi. Akauliza, "Shangazi ameshafika?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi nitapita kesho."

Leo amepita.

Ni mimi wifi yako, ninayekungoja,
Mama Rehema