Kompyuta Kumi na Mbili za Pito

Ujerumani, Jumapili baada ya misa

Kaka yangu Deo,

Shikamoo kaka. Habari za hapo Pito, za wifi, za mama na mguu wake, za shule yako? Najua umeshajibu "nzuri" kabla hujamaliza kusoma. Basi vuta kiti ukae, maana barua hii inahusu hiyo nzuri yako.

Mimi sijambo. Baridi ya huku haikunitisha kama wenzangu kazini walivyodhani. Walinionea huruma sana mwaka wa kwanza, nikawaambia Sumbawanga mwezi wa sita tunakwenda misa ya asubuhi na makoti, moshi unatutoka mdomoni. Hawakuamini mpaka nilipowaonyesha picha ya ndoa yako, umevaa sweta ndani ya suti. Sasa ofisi nzima inakufahamu kwa sweta hilo.

Mama huniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikimwambia tunatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta na kuugawa bure, anauliza kama ni wa bure nani ananilisha. Wewe unaelewa zaidi, kwa kuwa ndio uliomo kwenye mashine zako zote kumi na mbili. Ndani kabisa ya mfumo kuna kiini, ndicho kinachosema na vyuma: kinagawa kumbukumbu, kinawasha kioo, kinasikiliza kibodi. Kiini hicho kinatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, na kila baada ya miezi kadhaa wanatoa kipya chenye mambo mapya. Kazi yetu ni kukipokea, kuamua lipi liwashwe na lipi lizimwe, kukijaribu, kisha kukitia kwenye mfumo wetu uende kwa watu.

Safari hii kiini kilikuja na jambo nililolipenda toka moyoni: njia mpya ya kukunja kumbukumbu. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inavikunja vitu visivyotumika kwa wakati huo, kama mama anavyokunja mablanketi ili sanduku lifunge, inapata nafasi ya kazi nyingine. Nilipolisoma tu nikaziona mashine zako, zinavyohema mwanafunzi akifungua kurasa mbili. Kwenye kikao wengine walisita, wakasema halijajaribiwa kwenye mashine kuukuu, na ofisini hakuna aliyekuwa nazo. Nikanyoosha mkono nikasema kaka yangu anazo kumi na mbili. Nilivimba kichwa siku hiyo, nisikudanganye.

Ndipo nilipokutumia toleo la majaribio. Ulipiga baiskeli hadi Mazwi mjini kufuata intaneti ya maana, ukarudi nalo, ukalipakia kwenye mashine zote. Kesho yake nikakuuliza kwa ujumbe, kaka, mashine zinaendeleaje? Ukajibu: "Nzuri, zinaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Nikaruka kwenye kiti. Nikakuandikia asante kaka, ubarikiwe, nawahi kikaoni. Nikaenda zangu.

Kaka, mimi si mgeni. Nimekulia nyumba ileile uliyokulia wewe. Siku ile baba alipolazwa, si ulinipigia ukaniambia wote wazima, ukaniuliza masomo, ukanipa habari za ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma walioingia kwenye mahindi, ndipo ukasema ila baba tumemlaza tangu jana? Kwetu mtu anajibu nzuri kwanza, habari yenyewe inakuja nyuma, na anayeuliza anangoja. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Lakini miaka minne ya kuishi na watu wanaokupa jibu lote kwa pumzi moja na kuondoka imeniharibu. Sikuingoja "ila" yako. Na wewe ukaona mdogo wako ana haraka, ukaimeza.

Kwenye kazi yetu kila badiliko lina mstari wa mwisho unaosema limejaribiwa na nani. Mstari huo tunauheshimu kuliko saini. Nikaandika hapo jina lako kamili, Mwalimu Deogratias wa Pito, na badiliko likapita bila swali.

Siku nne baadaye nikampigia mama. Akanipitisha kwenye habari za kuku, za ulezi, za mguu, na safari hii nikatulia. Mwisho akasema ila kaka yako hali chakula vizuri siku hizi. Mashine zinaganda zote zikishakaa nusu saa, kidato cha nne wamerudi kusoma kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, na mtihani wao wa vitendo uko karibu. Anaogopa kukwambia, akasema mama, anaona utajisikia vibaya. Nilimkatia simu mama yetu, kaka. Nimeshamwomba radhi.

Toleo lilikuwa linatoka keshokutwa yake. Lingekwenda kwa kila mwenye mashine kuukuu kama zako, na walimu wengine nisiowajua wangekaa na vioo vilivyoganda kwa sababu yangu, juu yake jina lako. Nilisimama kikaoni nikawaeleza yote. Mkuu wetu, mama mmoja mfupi anayeitwa Katarina, alitaka nimtafsirie ujumbe wako. Akasema, lakini ameandika ni nzuri. Nikamweleza kwamba ile ni salamu tu, taarifa ilikuwa bado inakuja.

"Sasa ninyi mnajuaje mambo yakiwa mabaya?" akaniuliza.

"Tunangoja," nikamwambia. "Mimi sikungoja."

Hakucheka wala hakunigombeza. Alisema niliondoe lile badiliko. Nikaliondoa kwa mkono wangu, na pamoja nalo nikalifuta jina lako. Nililia chooni kama mtoto aliyechapwa, kisha nikakupigia kukuelekeza namna ya kuzirudisha mashine kwenye kiini cha zamani. Ukaniambia hamna shida mdogo wangu, nzuri tu. Nilitamani kukupiga kofi na kukukumbatia.

Kosa tumeshaliona. Mashine za zamani zilikuwa zinakunja na kukunjua bila kupumzika, mpaka zinakosa muda wa kazi yenyewe. Sasa tumezipangia zikunje kidogo tu. Kwenye mashine moja kuukuu tuliyoitafuta huku inakwenda vizuri, lakini moja si kumi na mbili, na huku hakuna kidato cha nne wa kuibonyeza wote kwa pamoja. Bila majaribio yako jambo hili litazimwa kwa mashine zote za aina hiyo, na zako zitaendelea kuhema.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye toleo lililorekebishwa. Anayeileta ni Padre wa kwao Kabwe anayesoma huku. Akianza safari ya kurudi huku mpeni migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani kwao, walau kidogo. Anza na mashine moja, ile mbovu kuliko zote. Ikihimili kipindi kizima, ndipo upakie nyingine, uwaache wanafunzi wafungue kila wanachotaka. Andika ilichukua dakika ngapi na nini kiliganda. Nahitaji majibu kabla mvua hazijaanza, toleo lijalo litakapofungwa, na nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ndiko tulikoharibia.

Nisalimie mama, umwambie naukumbuka mguu wake kwenye rozari. Nisalimie wifi yangu Skola, na shangazi wa Mazwi aliyekulaza siku ile ulipofuata intaneti. Mkuu wa shule mwambie samahani kwa ajili ya manila.

Nami nisikudai nisichokupa. Niliandika hapo juu kwamba sijambo. Ni kweli, ila nawakumbuka mno, ila Jumapili napika ugali nakula peke yangu, ila nilipolifuta jina lako niliona kama nimekufukuza nyumbani kwangu.

Ule mstari wa nani amejaribu nimeuacha wazi, hakuna jina la mtu. Ukinijibu, kaka, anza na "ila". Hiyo "nzuri" nitaingoja.

Mdogo wako akupendaye,
Imelda