Gia ya pili kwenye kona ya Murungu

Jumatano. Hapa Kasulu mvua tangu alfajiri, mbuzi wamegoma kutoka bandani na mimi nimegoma kunywa chai.

Nina miaka sabini na minne. Nimeishi kuliko malori manne niliyoyaendesha, matajiri wawili walionikabidhi malori hayo, mke wangu Fausta, na hata barabara yenyewe ya vumbi ya Kibondo, maana nayo sasa imelala chini ya lami. Kusoma nilijifunza ngumbaro, darasa la watu wazima. Kuandika naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, na ukikuta herufi imekosewa wewe soma hivyo hivyo. Ila kwenye kuendesha, hapa mkoani hakuna wa kunifundisha.

Miaka thelathini na moja nimepanda na kushuka milima hii na mahindi, maharage na chumvi, na sijapindua lori hata siku moja. Madereva wa zamani waliobaki kule Manyovu mpakani wanajua. Walikuwa wananisikia kabla hawajaniona, injini inanguruma kwenye mteremko kama dume la ng'ombe, kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kukalia breki. Breki ikipata moto inakutupa. Unashusha gia, injini yenyewe inalishika lori, unateremka mguu umepumzika.

Hayo nayajua. Nimewafundisha na wengine.

Basi kwa nini tangu Jumamosi chakula hakipiti?

Mkwe wangu Evarist, mume wa binti yangu Consolata, ni fundi magari hapa mjini. Juzijuzi alipata gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, iko chini mpaka kuku akipita mbele yake anaonekana mrefu. Gia ni za mkono, na injini inasukuma matairi ya nyuma, kama lori. Nilipoiona nilisema hicho ni kigari cha kuchezea. Ukweli ni kwamba niliitamani.

Jumamosi alikuwa ananipeleka Kibondo kumwona dada yangu. Njiani nikamwambia asimame, nishike mimi. Kwetu mkwe hamnyimi kitu baba wa mkewe, wala hambishii, na Evarist amelelewa akaleleka. Alishuka, akanifungulia mlango. Miguu yangu ni mifupi, nikavuta kiti mbele mpaka kikagota.

"Databukwe," akasema, ndivyo anavyoniita mimi baba mkwe wake, "hii nyuma ni nyepesi. Kwenye kona mimi huwa napunguza kabla."

"Nilishika usukani mama yako hajaposwa," nikamjibu. "Funga mkanda utulie."

Akafunga mkanda, akatulia.

Si mbali na Murungu barabara inateremka, halafu inakata ghafla. Kona hiyo naijua tangu ikiwa vumbi. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na lami inang'aa. Nilikuwa gia ya nne, gari inakwenda tamu kama unasukumwa na upepo. Nikaona mguu wa Evarist unakanyaga sakafu upande wake, unatafuta breki ambayo haipo. Nikacheka. Nikasema moyoni, ngoja nimwonyeshe huyu mtoto kona inavyokatwa bila breki.

Nikaingia nayo vile vile. Katikati ya kona, usukani umeshakata, nikapangua kutoka ya nne mpaka ya pili, nikaachia klachi kwa mpigo mmoja.

Sasa niseme jambo ambalo nilijifanya nimelisahau. Lori lililoshiba lina tani za mahindi zimekalia matairi ya nyuma. Ukilipiga gia ndogo ghafla linaguna tu, matairi hayana nafasi ya kuteleza. Kigari kile nyuma kina tairi la akiba na hewa. Injini iliyakamata matairi ya nyuma kuliko breki yoyote, yakaachia lami, na matako ya gari yakataka kutangulia mbele.

Kupangua ni kabla ya kona, gari ikiwa imenyooka. Unapunguza kwa breki, unashuka gia moja, kisha nyingine, unakanyaga mafuta kidogo ili injini ilingane na mwendo, unaachia klachi taratibu, ndipo unakata. Matingo wangu, vijana wa kunisaidia kwenye lori, niliwahubiria hivyo mpaka wakachoka. Mimi mwenyewe kila mteremko nilikuwa nauchagulia gia kule juu, kabla haujaanza.

Tulizunguka mara moja na nusu, tukaingia mtaroni kwa ubavu wa kushoto. Upande wa Evarist.

Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Aliyefika kwanza ni mama mmoja anayeuza ndizi mbivu pale konani. Alinikuta natoka kwa mlango wa dereva, kofia imeniangukia machoni. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Pole, mzee. Kwa umri huo ulikuwa unashindana na nani?"

Akapiga magoti mtaroni, akanisaidia kumtoa mkwe wangu, naye anauma meno asilie mbele yangu.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Consolata alipoingia hospitalini, hata hajauliza, Evarist akamuwahi. "Nilikuwa naendesha mimi," akasema. Alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha macho. Mkwe hamvui nguo baba wa mkewe mbele ya binti yake. Alikuwa anatimiza heshima yake, na ilikuwa zamu yangu kutimiza yangu.

"Umetaka kuniulia baba," Consolata akamwambia. "Kwa kigari chako cha kujionyesha."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Binti yangu akanimiminia chai, akanipa pole.

Nikainywa.

Tangu siku ile hazungumzi na mumewe, anamwekea chakula na kuondoka. Amesema watoto hawatapanda tena chombo anachoendesha baba yao. Watu wa bodaboda wanamwita Fundi Mtaro, naye anacheka nao. Jumatatu mteja mmoja alikuja kuchukua gari yake haijakamilika, maana fundi akimaliza lazima aijaribu barabarani, na yeye hataki Evarist aiendeshe.

Jana nilimfuata gereji. Amekaa kwenye ndoo, mkono umefungwa shingoni, anamwelekeza mwenzake. Nikamwambia nitasema.

"Databukwe, acha. Mimi bado nina miaka, wataniamini tena," akasema, halafu akashusha sauti. "Wewe ukisema, hawatakupa tena hata baiskeli."

Alikuwa amegusa hapo hapo. Ninachoogopa ni hicho. Ninaogopa kuwa mzee wa kubebwa, wa kufungiwa mkanda na wajukuu, wa kuambiwa kaa nyuma babu. Miaka thelathini na moja bila kuanguka ndiyo mali niliyobaki nayo, na nimeilinda siku nne kwa bega la mtoto wa mwenzangu.

Nilirudi nyumbani nikajiuliza, hivi mtu huyu angekuwa utingo wangu, akanibebea kosa la namna hii, ningemwitaje mbele za watu? Ningemwita mwanaume. Na mimi je, ningejiitaje?

Blogu hii alinifungulia Consolata baada ya mama yake kufariki, ili nipate pa kusemea. Huwa anaisoma asubuhi kabla hajaenda sokoni kufungua vitenge vyake. Kwa hiyo, mwanangu, isome mpaka mwisho.

Aliyekuwa anaendesha ni mimi. Mumeo alinionya kwa adabu, nikamtukania mama yake. Funguo za pikipiki yangu nimeziweka juu ya kabati la vyombo, njoo uzichukue mwenyewe, sitabisha.

Shahidi wa haya ni yule mama wa ndizi pale konani, aliyeniona nikitoka kwa mlango wa dereva. Evarist usimuulize, atakataa mpaka kesho kutwa. Kama Murungu ni mbali, nenda gereji, fungua ile gari, uangalie kiti cha dereva. Gari ililetwa juu ya lori, na tangu Jumamosi hakuna aliyekigusa kiti hicho. Kimesogezwa mbele mpaka kimegota, na mume wako ni mrefu kama nguzo ya umeme.

Mwambie akae pale, uone magoti yake yatafika wapi.